Jozi

Donge la unga halijui habari za donge la rohoni.
Nimelikanda kwa maji ya uvuguvugu,
kijiko cha siki, mafuta ya nguruwe kidogo,
nikalibamiza mezani mara mia, kama alivyohesabu mama
(ingawa yeye akifika sitini alirukia tisini),
kisha nikalifunika kwa bakuli lililopashwa moto
lilale nusu saa.

Nusu saa. Huo ndio muda nilio nao
wa kujidanganya kwamba nitaweza peke yangu.

Matofaa nimeyakwangua, nimeyakamua,
maji yake nikayanywa nikiwa nimesimama.
Mdalasini, sukari, chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi.
Na jozi.
Hapo ndipo penye mwiba.
Zimetoka kwenye mti ule wa mpakani:
shina kwa Gizella, matawi kwangu,
na baba alikufa bila kutamka neno.
Mwaka wa tatu huu tunaziokota usiku, kila mtu na kikapu chake,
kama wezi wa mali yao wenyewe.
Vidole vyangu bado vyeusi kwa maganda mabichi.
Vyake pia, najua. Jumapili alikuja kanisani na glavu,
katika joto lile.

Nimetandaza kitambaa cha mama, chenye herufi yake
iliyotariziwa kwa uzi mwekundu.
Nimenyunyiza unga, nimeweka donge katikati.
Migongo ya mikono chini, taratibu: vuta, zunguka,
vuta, zunguka. Meza ni ya watu wanane.
Nikivuta upande wa dirisha, upande wa jiko unarudi
kama mtoto anayeitwa na mama wawili.
Retesi haivutwi na mtu mmoja, hata mtoto
wa huku kwetu kando ya Tisza anajua.
Na kingo zimeanza kukauka.

Nikafungua dirisha.
Jina sikuliita. Jina limeota kutu mdomoni.
Nilipaza sauti tu, kama anayeiambia mvua:
"Unga unakauka!"

Uani kwake ndoo ilianguka.

Alikuja na viatu vya bustani, akavivua mlangoni,
akavua pete, akaiweka dirishani kando ya chupa ya siki,
akanawa bila kuuliza sabuni iko wapi.

Yeye akashika kule, mimi huku.
Unga ukalegea, ukaenea, ukaning'inia ukingoni mwa meza kama shuka,
mpaka ile R ya mama ikaonekana chini yake,
nyekundu, imefifia, kama kitu kilichozama barafuni.
Hapo mkono wake ukatoboa.
Tundu dogo, la kupita kifungo cha shati.
"Aa," akasema. Neno la kwanza.
"Acha," nikasema. "Tukiviringisha halitaonekana."
Mama angetutukana sote wawili.

Akachota jozi kiganjani, akanusa. Alizijua.
"Umezisaga laini mno," akasema,
akazinyunyiza zote.

Tukanyanyua kitambaa, kila mmoja na pembe yake,
retesi ikajikunja yenyewe
kama zulia la watu wanaohama.

Tanuri. Siagi juu, halafu siagi tena.
Dakika arobaini tukitazama saa badala ya kutazamana.
Ilipotoka, kisu kilipopita, tabaka zikalia
kama majani makavu chini ya ule mti,
usiku, mtu anapodhani hasikiwi.
Nikamwangalia.
Na yeye alikuwa ameusikia ule mlio.

Alikula ncha mbili, zile ngumu zilizoungua,
maana ncha alizipenda tangu utotoni.
Hakuaga. Akavaa viatu vyake
akaondoka na vipande vinne kwenye sahani yangu ya maua.

Pete ameisahau dirishani.
Nimeijaribu, hainienei.
Nimeirudisha palepale kando ya siki.
Labda kesho ataifuata, labda nitampelekea,
labda itakaa hapo mpaka mafuta ya jikoni yaipake ukungu.
Ila ile sahani nitaidai.
Kabatini imebaki mwenzake, iko peke yake;
zilikuwa jozi.